UZI: Colt Anaconda .44 Magnum ilivyokufa na ilivyorudi. Karibuni tuijadili bastola ya kuwindia

Fundi wa Susquehanna (mleta uzi):

Wakuu, heshima kwenu nyote.

Kwenye uzi ule wa bunduki za kuwindia nilitaja Anaconda kwa mstari mmoja tu, nikapokea jumbe nyingi za faragha zinazouliza ni dude gani hilo. Nimeona nifungue uzi wake kabisa, maana ni habari niliyoifuatilia kwa miaka.

Kwa wasionifahamu: nipo Pennsylvania, Marekani, na kazi yangu ni kuchonga vyuma kwenye mashine. Huku uwindaji ni maisha ya kawaida ya watu wa vijijini. Msimu wa kulungu ukifungua mwishoni mwa Novemba, nusu ya wenzangu kazini wanachukua likizo. Wengi wanatumia raifo, wengine upinde, na wapo wachache wanaokwenda porini na rivolva, yaani bastola ya silinda inayozunguka. Mimi ni mmoja wao.

Anaconda ni rivolva kubwa ya chuma cha pua kutoka kampuni ya Colt, yenye matundu sita ya risasi, kaliba (yaani aina na ukubwa wa risasi) ya .44 Magnum. Ilitoka mara ya kwanza mwaka 1990. Colt walikuwa na ukoo wao wa majina ya nyoka: Cobra ya 1950, Python ya 1955, Diamondback ya 1966, King Cobra ya 1986, na Anaconda akaja mwisho, mkubwa kuliko wote. Mwaka 1999 kampuni ilifyeka sehemu kubwa ya rivolva zake, Anaconda ikiwemo. Chache ziliendelea kutoka kwa oda maalumu, kisha kimya. Mwaka 2021 ikarudi dukani, mtutu wa inchi 6 na wa inchi 8.

Hoja yangu kwenye uzi huu ni moja. Iliyorudi ina jina lile na umbo lile, ila matumbo yake ni mapya kabisa, na mimi kama fundi nasema ndivyo ilivyopaswa kurudi. Najua wapo watakaobisha. Karibuni.

Kijana wa Gongo la Mboto:

Naweka kambi hapa. Mkuu, swali la kwanza: kampuni inaachaje kutengeneza kitu ambacho watu wanakipenda?

Fundi wa Susquehanna:

Swali zuri mkuu, na jibu lake ni refu kidogo, linaanzia kwa wafanyakazi.

Januari 1986 wafanyakazi wa Colt pale Hartford, Connecticut, waligoma. Si mgomo wa wiki mbili. Ulikwenda miaka minne, mpaka 1990, mmoja wa migomo mirefu kuliko yote katika historia ya jimbo lile. Mafundi waliokaa kiwandani miaka ishirini, thelathini, wakawa wanasimama getini na mabango wakati watu wapya wanashika mashine zao. Katikati ya mgomo, mwaka 1988, jeshi la Marekani likahamisha mkataba wa bunduki zake za M16 kwenda kampuni nyingine, FN ya Ubelgiji. Hiyo ndiyo ilikuwa ugali wa kampuni. Mgomo uliisha pale kampuni ilipouzwa kwa kundi la wawekezaji, na ndani ya kundi hilo chama cha wafanyakazi na serikali ya jimbo vilikuwa na hisa.

Sasa angalia mwaka: 1990. Anaconda ilizaliwa mwaka ule ule mgomo ulipoisha. Mtoto aliyezaliwa nyumba ikiwa bado inavuja. Mwaka 1992 kampuni ikaomba kinga ya kufilisika, ikatoka 1994, ikahama Hartford kwenda West Hartford jirani. Mwaka 2015 ikafilisika tena.

Upande wa pili ni gharama. Rivolva za zamani za Colt, hasa Python, zilikuwa zinaunganishwa kwa mkono. Kuna kipande kidogo kinachosukuma silinda izunguke. Fundi alikuwa anakisugua kwa tupa, anapima, anasugua tena, mpaka kila tundu lije kusimama sawasawa nyuma ya mtutu. Fundi wa namna hiyo humpati kwa tangazo la kazi. Anafundishwa na mzee aliyekaa benchi lile lile. Ukimpoteza mzee, umepoteza na benchi. Kwenye mahesabu ya mwisho wa mwaka, rivolva ya namna hiyo haiwezi kushindana na bastola ya fremu ya plastiki inayotoka kwenye mashine mamia kwa siku.

Mkaa Rungwa:

Nimekuwa askari wa wanyamapori miaka ishirini na sita, sasa nimestaafu. Nasoma kwa utulivu. Kijana wangu, naomba uwaambie watu mapema: hiyo .44 si ya nyati. Nimeona watu wanaangalia filamu halafu wanadhani bastola kubwa inaangusha chochote.

Fundi wa Susquehanna:

Shikamoo mzee. Umeniwahi, nilikuwa nakuja huko, na nashukuru limesemwa na mtu aliyesimama mbele ya nyati mwenyewe.

Nitaweka hesabu ili tusibishane kwa hisia. Risasi ya kawaida ya .44 Magnum ina uzito wa gramu 15.6 hivi na inatoka mtutuni kwa kasi ya takriban mita 410 kwa sekunde. Nishati yake ni kama jouli 1,300. Chukua .375 H&H Magnum, kaliba ya mwaka 1912 ambayo kwetu Tanzania ndiyo kiwango cha chini cha wanyama hatari kama nyati, tembo na simba. Ile inatupa gramu 19 na ushee kwa mita 770 kwa sekunde. Hiyo ni zaidi ya jouli 5,700, mara nne na zaidi. Kwa hiyo mzee hazungumzi kwa kutisha watu. Mwenye .44 mbele ya nyati aliyejeruhiwa yupo matatani.

Bastola hii imetengenezwa kwa wanyama wa huku: kulungu wa mkia mweupe, nguruwe pori, dubu mweusi. Kule Alaska watu wengi wanaovua samaki wanaitembeza kiunoni kwa ajili ya dubu, kama tahadhari ya mwisho, si kwenda kumtafuta.

Jirani wa Voi:

Salamu kutoka Kenya. Kwetu uwindaji ulipigwa marufuku 1977, kwa hivyo mimi mambo ya kuwinda nayasoma tu kama historia ya babu. Lakini niulize kwa heshima: kwa nini mtu aende na bastola wakati raifo ipo? Huoni ni kumtesa mnyama?

Fundi wa Susquehanna:

Ndugu yangu wa Voi, asante kwa kuuliza kwa heshima, nami nitajibu kwa uzito huo huo, maana hili ndilo swali kuu la uzi huu.

Kumtesa mnyama kunatokana na kupiga mahali usipokuwa na hakika napo. Mwenye raifo na darubini akipiga mita 400 upepo ukivuma, huyo anabahatisha kwa roho ya mnyama. Mwenye rivolva analazimika kukaribia. Mimi nimejiwekea mpaka: mita 50, na bastola iwe imeegemea kitu. Zaidi ya hapo kidole hakigusi kifyatulio. Nimefika huko kwa mazoezi, sahani za karatasi zenye upana wa kiganja, na nilipoona mita 50 naweka zote sita ndani lakini mita 75 mbili zinatoka nje, mpaka ukawa umejiandika wenyewe.

Msimu uliopita nilikaa chini ya mialoni tangu giza. Majani yameganda kwa barafu, ukisogeza unyayo yanalia kama chapati kavu inavyovunjika. Saa moja na nusu asubuhi akapita dume hatua kama themanini, ubavu wazi, amesimama kabisa. Kwa raifo ni nyama ya friza. Nilimwangalia mpaka akaingia kichakani. Kesho yake, mahali pale pale, akaja jike. Nilikuwa na kibali cha jike. Nilimsikia kabla sijamwona, hatua zake mbili, anasimama, mbili, anasimama. Alipofika hatua ishirini na nane akainamisha kichwa kuokota mbegu za mwaloni. Nilivuta nyundo, kile chuma cha nyuma kinachogonga risasi, taratibu huku nimekibana kifyatulio kidogo ili isilie klik, kisha nikaachia kidole, nyundo ikashika. Nikangoja ageuze bega. Risasi moja. Alikimbia hatua thelathini, akaanguka nikimwona.

Nilikaa pale dakika kumi kabla ya kumwendea. Mikono ilikuwa inatetemeka. Mtu ambaye mikono haimtetemeki baada ya kutoa uhai, mimi sitaki kuwinda naye.

Kijana wa Gongo la Mboto:

Daah. Tiririka mkuu. Hilo la kubana kifyatulio kisha kuachia ndio nini?

Fundi wa Susquehanna:

Ni ujanja wa wawindaji wa rivolva. Ukikoki nyundo, yaani ukiivuta nyuma mpaka ishike, kwa kawaida inatoa mlio wa chuma, na kulungu anausikia. Ukibana kifyatulio kidogo huku dole gumba limeshikilia nyundo imara, mlio haupo. Lakini jamani, msijaribu hilo na risasi ndani mpaka mmelizoea na silaha tupu mara mia. Dole gumba likiteleza, risasi inatoka.

Tukiwa kwenye usalama nimalizie mawili. Kwanza, kati ya silinda na mtutu kuna mwanya. Ni mwembamba kuliko karatasi mbili, lakini moto na vipande vya risasi vinatokea pale ubavuni kwa kasi ya kutisha. Mtu aliyezoea raifo anapeleka mkono wa kushoto mbele kwenda kushikilia chini ya mtutu. Kwenye rivolva ya .44 mkono huo unapitisha vidole pembeni ya mwanya ule. Usifanye. Mikono yote miwili ibaki kwenye mpini.

Pili, masikio. Mlio wa .44 Magnum unapita desibeli 160. Mara moja nilipiga nikiwa nimesahau kinga, risasi moja tu, na sikio la kushoto lililia siku tatu. Mpaka leo kuna sauti za ndege jirani zangu wanazisikia mimi sizisikii vizuri. Hilo halirudi.

Mama Mbezi:

Naomba kuingia. Mimi nipo Texas, mume wangu na kaka zake wanawinda nguruwe pori, nami nimeanza kujifunza. Mikono yangu midogo. Hii inanifaa au nitaumia? Na pia kwa nini useme mpya ni nzuri kuliko ya zamani, wakati kila mtu huku anaisifia ya zamani?

Fundi wa Susquehanna:

Karibu sana dada. Naanza na swali lako la pili kwa sababu ndilo linalozaa jibu la kwanza.

Jirani yangu, mzee wa miaka themanini na kitu, anayo Anaconda ya miaka ya tisini, mtutu wa inchi 6. Nimeipiga mara nyingi nyuma ya ghala lake. Ni silaha nzuri na mzee anaipenda, lakini ukivuta kifyatulio bila kukoki, mwisho wa mvuto kinakuwa kizito ghafla, mkono unayumba pale pale ulipotaka utulie. Ndani yake ile ilifuata mtindo wa King Cobra, na springi za kujiviringa. Haikuwa na ndani ya Python, ingawa kwa nje ina ule utepe wenye matundu juu ya mtutu unaofanya watu waiite Python kubwa.

Mwaka 2020 Colt walirudisha Python, na hawakuchukua michoro ya zamani wakaiweka kwenye mashine. Walikaa chini wakachora upya. Waliondoa vipande 14, wakaongeza chuma pale chini ya kionea cha nyuma, wakachagua chuma cha pua chenye nguvu zaidi, na wakahakikisha kila kipande kinatoka mashineni kikiwa na vipimo ambavyo havihitaji tupa ya mzee. Anaconda ya 2021 ni Python hiyo iliyokuzwa. Springi kuu ni ya bapa iliyokunjwa. Kifyatulio kinakuja laini tangu mwanzo mpaka mwisho.

Hapo ndipo moyo wangu ulipo, kwa sababu ni kazi yangu ya kila siku. Nikiwa naanza kazi, kipande kikitoka kimezidi nusu ya unywele tulikuwa tunakipeleka kwa mzee mmoja wa kupolish. Alikuwa anakishika, anafumba macho, anakisugua mara tatu, kinaingia. Alipostaafu hakuna aliyeweza. Ikabidi tujifunze kuchonga kipande kisichomhitaji. Watu wanasema hiyo ni kupoteza ufundi. Mimi niliyesimama kwenye mashine nasema ufundi umehamia kwenye mchoro na kwenye kipimo. Mtu aliyefikiria jinsi ya kuondoa vipande 14 bila kuharibu mvuto wa kifyatulio ni fundi sawasawa na yule wa tupa.

Sasa mikono yako dada. Mpya ina uzito wa kilo moja na nusu kwa mtutu wa inchi 6, na inakaribia kilo 1.7 kwa inchi 8. Uzito huo ni rafiki yako, unameza teke. Lakini mpini ni mnene na kifyatulio kiko mbali kwa kidole kifupi. Nenda duka lolote ukaishike kwanza. Kama kiungo cha kwanza cha kidole hakifiki kwenye kifyatulio bila kupindisha kiganja, hiyo si yako, na hakuna aibu. Ikifika, anza na risasi za .44 Special. Zinaingia kwenye matundu yale yale ya .44 Magnum na teke lake ni dogo sana. Piga hizo mpaka uzoee, ndipo upande. Kinyume chake, .44 Magnum kwenye bastola ya .44 Special, haiingii, ni ndefu zaidi kwa makusudi.

Mkaa Rungwa:

Kijana, hii .44 ilitoka wapi? Enzi zetu tuliona .38 za polisi tu.

Fundi wa Susquehanna:

Mzee, ilitokana na ubishi wa wafugaji. Kulikuwa na mfugaji na mwandishi wa huko Idaho, Elmer Keith, aliyezaliwa 1899. Kwa miaka mingi alikuwa anajaza .44 Special kwa baruti nyingi kuliko ilivyopendekezwa, akiwashawishi viwanda vitengeneze rasmi kitu cha nguvu hiyo. Mwishoni mwa 1955 Smith & Wesson na Remington wakatoa .44 Magnum. Ruger wakafuata 1956 na Blackhawk yao. Colt, kampuni ya mzee Samuel Colt mwenyewe aliyepata hati ya ubunifu wa rivolva 1836, wao walikaa miaka 35 bila kuigusa kaliba hiyo kwa rivolva kubwa ya namna hii. Ndiyo maana Anaconda ilipotoka 1990 watu walisema imechelewa. Na ndiyo maana miaka tisa tu baadaye ilipouawa, wapenzi wake waliumia: hawakuwa wamekaa nayo.

Kitu kimoja utakachokipenda kama mtu wa silaha: ukikoki rivolva ya Colt, silinda inazunguka kulia, kama mshale wa saa ukiitazama kutoka nyuma. Ya Smith & Wesson inazunguka kushoto. Na kufungua silinda, Colt unavuta kitasa kuja kwako, Smith & Wesson unasukuma mbele, Ruger unabonyeza ndani. Mtu akizoea moja, gizani mkono unatafuta kitasa upande usio wake.

Jirani wa Voi:

Nimesoma jibu lako mara mbili. Bado mimi singewinda, lakini hiyo ya kumwacha dume aende nimeielewa. Bei je?

Fundi wa Susquehanna:

Asante ndugu, na msimamo wako nauheshimu.

Ilipotoka 2021 bei ya kiwanda ilikuwa dola 1,499. Shida ilikuwa kuipata. Duka moja huku liliniandika jina, likapokea amana yangu, na siku mzigo ulipofika likamuuzia mtu mwingine aliyeongeza pesa juu. Nilirudishiwa amana na tabasamu. Nikasubiri miezi kumi na moja mingine kwa duka jingine. Za zamani kwenye minada zilikuwa zimeshapita dola 2,000 muda mrefu, nyingine juu zaidi kama zina boksi lake. Hizo watu wananunua wafungie kabatini. Kurudi kwa mpya kumetufaa sisi tunaotaka kuipeleka kwenye matope.

Kijana wa Gongo la Mboto:

Mkuu, mwisho kabisa: nikitaka kuja nayo Bongo?

Fundi wa Susquehanna:

Usiihangaikie. Bongo silaha ina sheria yake, ile ya udhibiti wa silaha na risasi ya 2015, na lazima uanzie kwenye kibali kabla chuma hakijasogea popote. Huku nako kuitoa nje ya nchi kunahitaji vibali vyake. Ukitaka kuionja, ukija huku kutembea, nitakupeleka nyuma ya ghala la mzee. Utaanza na .44 Special, kinga masikioni, miwani machoni, risasi moja tu kwenye silinda, matundu matano matupu, mpaka nikuone umeshika vizuri.

Dada Mama Mbezi, ukishaishika dukani rudi hapa utuambie kidole kimefika wapi.